Jina Nililoandika Kwenye Faili ya Viza

Miaka ya vita ya pili ya Kongo nilikuwa karani katika hospitali moja ya kanisa hapa Butembo. Nilipiga mashine ya kuandikia tangu asubuhi hadi jioni: barua za daktari mkuu, orodha za dawa, vyeti vya kuzaliwa na vyeti vya kifo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne mwenye diploma ya sekondari ya biolojia na kemia, nikiishi na mama yangu mtaa wa Bulengera katika nyumba aliyotuachia baba. Nilitaka kwenda chuo kikuu, lakini vyuo vilikuwa upande wa pili wa nchi, na nchi ilikuwa imekatwa vipande. Nikajiambia kwamba maisha yangu yatapita mbele ya zile herufi za chuma. Haikuniuma sana. Wenzangu wengi hawakuwa na kazi yoyote.

Nyuma ya jengo la upasuaji kulikuwa na chumba chenye kufuli. Ndani yake kulikaa mashine ya kupiga picha za mifupa, ile ambayo sisi huku tunaiita radio. Marafiki wa kanisa waliileta kabla ya vita ya kwanza, pamoja na Mzungu mmoja aliyejua kuitumia. Risasi zilipoanza kulia, Mzungu alipanda ndege ndogo na begi moja, mashine ikabaki imefunikwa kitenge. Mara moja kwa mwezi mfagiaji aliingia, akapangusa vumbi, akafunga tena.

Kwa hiyo mtu akivunjika, daktari mkuu alimpapasa. Alikuwa na vidole vyenye akili, lakini vidole havina macho. Namkumbuka mwalimu mmoja wa Kayna aliyeanguka kutoka juu ya lori la maharagwe. Alifungwa plasta, akalala wiki nyingi, na siku plasta ilipokatwa mguu wake ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe uliochongwa vibaya. Hakulalamika. Alimshukuru daktari, akaondoka akichechemea. Daktari mkuu akaja ofisini kwangu, akaketi kwenye kiti cha wageni.

"Andika barua," akasema. "Tutafute mutu wa ile radio."

Barua ilisafiri na wafanyabiashara wetu waliokuwa wakipita Kasindi kwenda Kampala, na kutoka huko ikapita mikono ya makanisa. Baada ya miezi minne jibu likaja kutoka Tanzania, upande wa Bukoba. Mama mmoja, mjane, amefanya kazi ya kupiga picha za mifupa miaka ishirini na sita, amestaafu juzi tu. Alikuwa tayari kuja kwa mwaka mmoja. Aliandika kwa mkono, Kiswahili kilichonyooka kama cha Biblia, na chini kabisa akaongeza kwamba hospitali nyingine ya kwao inamtaka pia, kwa hiyo angetungoja hadi mwisho wa mwezi uliofuata, si zaidi.

Sasa ikabaki viza. Mgeni hawezi kufanya kazi bila viza ya kazi, na viza hiyo haiombwi na mgeni mwenyewe. Inaombwa na yule anayemwajiri. Lakini inaombwa kwa nani? Kinshasa ilikuwa mbali kuliko mbingu. Huku kwetu walitawala waasi, na wakubwa wao walikaa Beni. Daktari mkuu aliwauliza kwa simu ya upepo ya kanisa, wakajibu kwamba ndiyo, wana ofisi ya uhamiaji, na wakataja karatasi zinazohitajika: mkataba, diploma ya mgeni, barua ya hospitali kukubali kumtunza, na ushahidi kwamba hakuna Mkongomani anayeweza kuifanya kazi hiyo.

Ushahidi ulitaka tangazo. Likasomwa Jumapili tatu mfululizo, kwetu Waprotestanti na kwa ndugu zetu Wakatoliki: hospitali inatafuta fundi wa radio. Jumatatu baada ya Jumapili ya tatu akaja mzee mmoja amevaa koti safi, mkononi sanduku la mbao. Alilifungua mezani kwangu kunionyesha: bisibisi, nyaya, chuma cha kulehemu.

"Radio iko wapi?" akauliza.

Nikampeleka kwenye kile chumba, nikatoa kitenge. Mzee aliizunguka mashine mara mbili. Akagonga ubavu wake kwa kidole.

"Hii inasemeaka wapi? Sauti inatokea fasi gani?"

"Tata, hii haisemake. Inapigaka mifupa foto."

Alicheka hadi akatoa kitambaa kujipangusa macho. Nikamwomba anisaidie kitu kimoja: aseme kwa maandishi kwamba alikuja, akaona, na kazi si yake. Alikubali. Nikapiga maneno yake kama alivyoyatamka: "Miye niko fundi wa radio ya kusema. Hii ya kunyamaza siijue." Akatia sahihi polepole, kwa herufi kubwa, na karatasi ile ikaingia kwenye faili.

Daktari mkuu hakuweza kuwaacha wagonjwa, basi nikatumwa mimi. Nilipanda pikipiki alfajiri, faili imefungwa kwenye nailoni na kushonewa ndani ya mfuko wa nguo. Kati ya Butembo na Beni kulikuwa na kamba nyingi zilizofungwa kukata barabara, na kwenye kila kamba askari. Kila mara nilishuka, nikaonyesha bahasha yenye muhuri wa hospitali, nikaambiwa nipite au ningoje. Karibu na saa sita nilifika.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa chumba kimoja katika mtaa wa Ruwenzori, na mkubwa wake alikuwa mwanaume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Zamani alikuwa mwalimu wa fizikia. Mezani alikuwa na kitabu cha sheria kilichopoteza jalada, na nilishangaa kuona kwamba alikisoma kweli. Kila karatasi yangu aliisoma kuanzia juu hadi chini, hata ile ya mzee wa radio. Pale alitabasamu kidogo, lakini hakusema kitu.

"Bon," akasema. "Mugeni anakuya mwaka moja, anafanya kazi, anarudia kwao. Siku anarudia, kazi inabakia na nani?"

"Inabakia na hospitali."

"Hospitali ni manyumba. Mimi naomba jina ya mutu." Akageuza kitabu nione mstari aliouwekea kidole. "Mugeni anapewa viza juu Mukongomani ajifunze kwake. Huyu Mukongomani ni nani?"

Sikujua. Hakuna aliyetuambia habari hiyo kwa simu ya upepo. Nikamwomba anipe nafasi nirudi nikamuulize daktari mkuu.

"Rudi," akasema kwa upole. "Miye niko hapa kila siku, kama vita inapenda."

Nikatazama nje. Upande wa milima wingu lilikuwa limeshuka jeusi. Kurudi Butembo, kuja tena Beni, zile kamba zote mara mbili. Na mtu wa pikipiki alikuwa ameniambia njiani kwamba barabara huenda ikafungwa wiki ijayo. Yule mama wa Bukoba angetungoja hadi mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi tupu yenye nukta nukta. Nikaandika jina langu.

Mkubwa akalisoma kwa sauti. "Huyu ni nani?"

"Ni miye."

"Weye? Weye haiko secrétaire?"

"Niko na diplôme d'État. Bio-chimie."

Akavua miwani, akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeinua mkono kabla ya swali kuisha. "Ukisimama metre moja na taa, kisha usogee mpaka metre mbili, mwangaza inapunguka mara ngapi?"

Akilini nikamwona mwalimu wangu wa mwaka wa tano wa sekondari, chaki mkononi. "Mara ine," nikasema.

"Haina mara mbili?"

"Hapana. Mara ine."

Akachukua muhuri, akaupulizia pumzi ya moto mara mbili maana wino ulikuwa unakauka, akagonga. Viza ya kazi, mwaka mmoja, kwa hospitali yetu peke yake na si kwingine. Kisha akanipa faili, lakini hakuiachia mara moja.

"Mwaka ikiisha nitakuya miye mwenyewe," akasema. "Kuona kama hii jina inafanya kazi."

Njiani kurudi nilinyeshewa hadi kwenye mifupa, na hofu yangu ilikuwa moja tu, kumwambia daktari mkuu. Wako wauguzi waliokuwa na haki ya nafasi ile kuliko mimi. Kesho yake asubuhi nikasimama mbele ya meza yake, nikamweleza yote bila kujitetea. Alisoma fomu, akaisoma tena.

"Na mashini ya kuandika atapiga nani?" akauliza.

"Nitapiga asubui mbele ya wagonjwa kufika, docteur. Na mangaribi."

Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. "Nilifikiri kukupa hiyo kazi," akasema. "Lakini niliogopa mama yako."

Alikuwa na sababu. Nilipomwambia mama, aliweka chini ungo wa maharagwe aliokuwa anachambua. Mjini watu walisema kwamba ule mwanga unakausha tumbo, kwamba Mzungu wa kwanza hakuwa na mtoto kwa sababu hiyo. Mama alikuwa amenizaa mimi tu. "Utazala nini, mutoto yangu?" akaniuliza. "Utazala foto?" Kwa siku tatu hakusema nami zaidi ya salamu.

Mgeni wetu aliitwa kwa simu ya upepo ya kanisa, nami nikampokea Kasindi, viza mkononi. Alivuka mpaka kwa miguu, mwanamke mfupi mnene mwenye kilemba cha kijani, nyuma yake mkokoteni wenye sanduku la bati. Ofisa wa mpakani hakuwahi kuona viza ya namna ile, akaigeuza juu chini. Mgeni akamwamkia, akamwuliza habari za nyumbani kwake, na za watoto, na za mvua, kwa utulivu kana kwamba walikuwa harusini. Ofisa akasahau kugeuza karatasi. Akagonga muhuri.

"Wewe ndiye mwanafunzi wangu?" mgeni akaniuliza tulipokaa juu ya lori.

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuchagua?"

Nikamwambia ukweli. Alinitazama kwa muda lori likiruka mashimo. "Basi hutakuwa na wa kumlaumu," akasema, akacheka, akanipa nusu ya ndizi yake.

Siku ya kwanza alifungua sanduku la bati na kutoa kitu kizito, cheusi, kama koti lisilo na mikono. "Kabla ya lolote," akasema, "lazima tuvae risasi."

Nikarudi nyuma. Kwa kipindi kile, huku kwetu, neno hilo halikuwa na maana mbili. Yeye hakuelewa niliogopa nini hadi nilipomwonyesha tundu kwenye ukuta wa maternité, wodi ya wazazi. Ndipo akanieleza kwamba kwa Kiswahili cha kwao risasi ni yale madini yenyewe, mazito na laini, na kwamba mwanga wa mashine hauwezi kuipita. Akanivika, akakaza mikanda mgongoni, akanipiga begani. "Hii ni risasi inayokinga," akasema.

Lugha ilituchezea kila siku. Kifua cha mgonjwa hupigwa picha akiwa ameshika pumzi, na yeye alizoea kusema: "Vuta pumzi. Bana!" Siku moja mgonjwa alikuwa askari kutoka upande wa Équateur, mtu wa Lingala. Aliposikia "bana" akageuka kutazama mlangoni, maana kwa Lingala bana ni watoto, na yeye aliwatafuta watoto walioingia. Picha ikaharibika. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza ikawa pumzi za watu. Nilisimama nyuma ya ukuta, nikisema kwa Kiswahili cha kwetu, kwa Kinande kwa akina bibi wa vijijini, kwa Lingala kidogo kwa askari: vuta, shika, acha. Mama wa Bukoba alijifunza kusema "wasingya", asante ya Kinande, na alimwambia kila mgonjwa aliyetoka, hata yule aliyemtapikia.

Nilijifunza chumba cha giza, ambako filamu huoshwa kwa dawa mbili na maji. Mlango ukifunguka hata upana wa kucha, picha imekufa. Nilijifunza kuhesabu sekunde bila saa, kulaza kiungo bila kumwumiza mtu, kusoma mfupa mzima kabla ya kusoma uliovunjika. Asubuhi nilipiga barua, mchana nilipiga mifupa. Nilikosea sana. Filamu zilitoka Uganda kwa shida, na niliyoiharibu mama wa Bukoba aliitundika ukutani juu ya meza yangu wiki nzima, niione. Hakunigombeza hata mara moja. Ningeona nafuu kama angenigombeza.

Jumapili moja alinifuata hadi Bulengera bila kualikwa. Mama yangu alimpokea kama mgeni anavyopokelewa, akapika ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, lakini uso ulibaki umefungwa. Walipomaliza kula, mgeni akanawa mikono, akatoa pochi yake, na kutoka ndani yake akatoa picha moja ya kawaida: yeye katikati, vijana wakubwa wanne wamemzunguka.

"Dada yangu," akamwambia mama, "huyu wa kwanza nilimzaa mwaka wa pili wa kazi. Huyu mwaka wa tano. Hawa mapacha mwaka wa saba. Risasi ninayovaa ndiyo hiyohiyo anayovaa binti yako, na haingii kwenye mwanga bila hiyo mimi nikiwa hai."

Mama alishika ile picha muda mrefu. Akawahesabu wale watoto kwa kidole, mmoja mmoja. "Bapacha?" akauliza.

"Mapacha."

Mama akasimama, akamwongezea sombe ambayo hakuomba. Tangu siku hiyo kila Jumapili alipikiwa, na kilemba chake kilining'inia kwenye msumari wetu mlangoni kama cha mtu wa nyumbani.

Vita haikutusahau. Kuna wiki tulipiga picha za risasi tu ndani ya miili ya watu. Na asubuhi moja gari la jeshi likaingia uani, ofisa mmoja akashuka, akasema fundi wa radio anatakiwa kambini Beni, afunge vitu vyake. Daktari mkuu alikuwa kwenye upasuaji. Mama wa Bukoba alisimama mlangoni, mikono ndani ya mifuko ya aproni. Nikakimbia ofisini, nikarudi na nakala ya viza.

"Chef," nikasema, "soma hapa. Viza yake inasema hii hospitali tu. Alama ni ya bakubwa benu ba Beni. Ukimupeleka, ni sheria yabo unavunja."

Alisoma. Nadhani hakutegemea kukuta karatasi. Aliniuliza kama naijua adhabu ya kumzuia askari, nikasema siijui. Akakunja karatasi, akanirudishia. "Basi bagonjwa betu batakuya hapa," akasema. Walikuja kweli, wiki hadi wiki, na daktari mkuu akapata kuwashawishi waache bunduki getini.

Mwaka ulipokaribia mwisho, daktari mkuu aliomba viza iongezwe mwaka mwingine. Sote tulitaka. Watoto wa yule mama walimwita kwao, lakini aliniambia angebaki kama angeombwa. Jibu kutoka Beni lilikuwa sentensi moja: mkubwa wa uhamiaji atakuja kumpima mwanafunzi, akiwa bado hajui, viza itaongezwa; akiwa anajua, nafasi ni yake na mgeni arudi kwao.

Nilibaki na karatasi ile mkononi. Nikijua kazi, nitampoteza. Nikikosea, atabaki. Sikumwambia mtu mawazo yangu, lakini yeye hakuhitaji kuambiwa. Tulikuwa tunaosha sahani za dawa.

"Mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "ukikosea kwa makusudi, nitajua."

"Ndiyo, mama."

"Na kwangu si neno. Mgonjwa ndiye atakayelipia."

Mkubwa alifika siku ya mvua, mchana, matope kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Pikipiki ilikuwa imeteleza kwenye mteremko. Miwani ilikuwa salama, lakini mkono wa kushoto aliuning'iniza kwenye skafu ya dereva, na kifundo kilikuwa kimevimba kama mhogo. Daktari mkuu akataka kumlaza.

"Kazi kwanza," akasema, midomo imekuwa ya kijivu. "Nilikuya kupima mutu."

"Tata," nikasema, "kazi ni ule mukono."

Akautazama mkono wake kana kwamba ndipo anauona. Kisha akamwambia mama wa Bukoba kwa heshima atoke nje, aketi kwenye benchi la varanda, na mlango ufungwe.

Nililaza mkono wake juu ya filamu. Aliuma meno, jasho likamtiririka. Nilimpiga picha mbili, kwa mbele na kwa ubavu, nikaingia chumba cha giza peke yangu. Mle ndani, filamu ikiwa kwenye dawa, nilisimama karibu na mlango. Komeo lilikuwa usawa wa mkono wangu. Kulifungua mara moja tu, upana wa kucha, na picha ingekufa. Ningesema filamu ilikuwa ya zamani, na kila mtu angeamini, maana nyingi zilikuwa za zamani. Mama angebaki mwaka mzima. Nikamsikia yule mtu upande wa pili wa ukuta akivuta pumzi kwa maumivu na kuikata ili isisikike. Picha ikifa, ningelazimika kuugeuza mkono ule tena. Nikaondoka mlangoni, nikahesabu sekunde zangu.

Ilitoka nzuri. Aliinua filamu dirishani kwa mkono mzima, maji yakamdondokea.

"Hii ni miye?"

"Ni weye, Tata. Ona huu mufupa mukubwa, karibu na kiganja. Ule mustari mweusi ndio fasi imevunjika. Haikutoka fasi yake sana. Itapona sawa."

Alitazama muda mrefu, na nikaona amesahau maumivu; alikuwa mwalimu wa fizikia tena. Aliniuliza kwa nini mfupa ni mweupe na nyama ni kijivu, nami nikamweleza, naye akakubali kwa kichwa kila jibu. Daktari mkuu alipomaliza kumfunga plasta, aliomba meza na kalamu. Aliandika kwa mkono wa kulia bila kuharakisha. Viza iongezwe miezi mitatu, mgeni amalizie kufundisha yaliyobaki, kisha nafasi iwe ya raia.

"Lakini bado tuko na lazima naye," daktari mkuu akajaribu.

"Docteur, muko na bahati ya kuwa na mafundi mbili," akajibu. "Hii inchi bado haina hata moja fasi mingi."

Nikatoka nje varandani. Mama wa Bukoba alikuwa bado kwenye benchi, mikono mapajani, mvua ikimrukia miguuni.

"Umepata?"

"Nimepata."

Alinivuta kifuani kwake. Nililia mimi, na nadhani hata yeye.

Ile miezi mitatu ilikuwa mifupi na mizito. Alinifundisha mgongo, fuvu, tumbo, na jinsi ya kurefusha maisha ya dawa za kuoshea filamu zinapokaribia kuisha. Mama yangu alimshonea nguo mbili. Siku ya kuondoka alisimama uani na wagonjwa wakapanga mstari kumshika mkono. Hata waliokuwa kwenye magongo walijikokota. Nilimsindikiza hadi Kasindi. Hakutaka nilie mpakani. "Kesho una watu wa kuwahudumia," akasema. Akavuka kwa miguu, na kile kilemba cha kijani nikakiona hadi kilipopotea katikati ya watu wa soko la upande wa pili.

Kesho yake mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa miaka minne hivi, aliyemeza kifungo cha chuma cha koti la babu yake. Alishikilia shingo ya mama yake, hakutaka kulala mezani. Nilijilaza mimi kwanza, akaniona, nikashuka, akakubali. Mama yake akaninong'oneza kama nina hakika najua, maana alisikia fundi ameenda kwao. Nikamwambia angoje kidogo.

Kifungo kilikuwa tumboni, chini kabisa, duara safi lenye matundu manne. Daktari mkuu alisema kitatoka chenyewe, na baada ya siku mbili kikatoka. Mama wa mtoto alirudi kutuambia, akicheka, amebeba vichwa viwili vya kabichi. Nilivipokea, nikarudi ndani. Nje, kwenye benchi, watu sita walikuwa wananingoja.